Maana ya kauli "mambo binafsi ni ya kisiasa"

Kauli hii huwa inaeleweka kichwa chini. Wengi hudhani inasema kwamba mwanamke akivaa hivi, akipika au asipopika, akiolewa au asiolewe, anatangaza msimamo wake, na wenzake wana ruhusa ya kumpima kwa hayo. Walioianzisha walitaka kumwondolea mwanamke lawama, si kumwongezea.

Ni kichwa cha makala ya Carol Hanisch, mwanaharakati wa Marekani. Aliiandika Februari 1969 kama waraka wa ndani wa shirika la haki za raia alilolifanyia kazi, na mwaka 1970 ikachapwa katika mkusanyo Notes from the Second Year, ulioandaliwa na Shulamith Firestone na Anne Koedt. Hanisch amesema kichwa hakukitunga yeye, ni wahariri waliokibandika.

Waraka ulikuwa jibu kwa kejeli. Wakati ule wanawake wa New York na kwingineko walikuwa wakikutana, linatolewa swali moja, kisha kila mtu analijibu kwa zamu kutokana na maisha yake. Ungependa mtoto wa kike, wa kiume, au usizae kabisa, na kwa nini? Mumeo akikuzidi kipato inakuwaje? Na wewe ukimzidi? Wanaharakati wengine waliviita vikao hivyo tiba ya nafsi, si siasa. Hanisch akajibu kuwa tiba ni ya mgonjwa, na wanawake hawaumwi: hali wanamoishi ndiyo ibadilishwe, badala ya wao kufundishwa kuizoea.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana. Mmoja akisema amechoka na kazi za nyumbani zisizo na malipo wala shukrani, ataambiwa hana subira. Wakilisema wote waliomo chumbani, kila mmoja kivyake, tatizo halitokani tena na tabia ya mtu. Kuna mpangilio unaolizalisha, na mpangilio hauondolewi na mtu mmoja jikoni kwake. Hanisch alishikilia kwamba suluhisho la mtu mmoja mmoja halipo, lipo la pamoja tu.

"Siasa" hapa si kura wala vyama. Ni uhusiano ambamo kundi moja lina madaraka juu ya jingine, maana ambayo Kate Millett, mwandishi wa Marekani, aliifafanua mwaka huohuo wa 1970 katika kitabu chake Sexual Politics.

Matunda ya njia hii yalionekana Boston. Mwaka 1969 wanawake walikutana kuzungumzia miili yao, na karibu kila mmoja alikuwa na kisa cha daktari aliyemdharau au kumficha habari. Wakaanza kujisomea wenyewe na kuandikiana mada, na mwaka 1970 wakatoa kijitabu cha karatasi duni kilichouzwa senti 75. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa Our Bodies, Ourselves. Kwangu mimi kinaieleza dhana hii kuliko kitabu chochote cha nadharia.

Dhana ina udhaifu wake: inategemea nani wamo chumbani. Betty Friedan, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake The Feminine Mystique cha 1963, aliandika juu ya uchungu wa wake waliosoma na kubaki nyumbani, akawahimiza wajiendeleze na wafanye kazi za maana. Mwaka 1984 bell hooks, mwandishi Mmarekani mweusi (ndivyo alivyoliandika jina lake, kwa herufi ndogo), alihoji: hao wakitoka kwenda kazini, nani ataitwa kulea watoto na kutunza nyumba? Friedan hakuligusa hilo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye dada wa kazi nyumbani hahitaji kwenda mbali kulijibu.