OER ni nini, na kwanini "huria" sio "bure"

Juzi nilikuwa kwenye semina ya wahadhiri hapa Mwanza, akasimama mhadhiri mmoja mtu mzima, namheshimu sana, akasema "sisi idarani kwetu OER tulishaanza kitambo, vitabu vyote vya bure viko kwenye grupu la WhatsApp". Watu wakapiga makofi. Mimi ni mkutubi wa chuo, hizo OER ndo kazi yangu ya kila siku, na mwaka huu nimeshasikia kauli ya namna hii mara nyingi mno, kwahiyo leo naandika.

Maana yake kwa kifupi. OER (Open Educational Resources) ni nyenzo za kufundishia na kujifunzia, iwe kitabu, notsi, video au maswali ya mazoezi, ambazo ama hakimiliki yake imeisha, ama mwenye nazo ametangaza mapema kwamba yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzibadilisha na kuzigawa bila kurudi kumuomba. Jina lilizaliwa Paris Julai 2002 kwenye kongamano la UNESCO, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT kule Marekani kutangaza kwamba wanaweka masomo yao mtandaoni, na Desemba 2002 leseni za kwanza za Creative Commons (CC), yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwandishi anaziweka kwenye kazi yake, zikatoka. Mwaka 2019 UNESCO wakapitisha pendekezo rasmi la kuzitaka nchi zizikuze. Basi, hiyo ndo maana yenyewe.

Sasa tatizo liko kwenye neno. Kwa Kiswahili tunasema "nyenzo huria" au "rasilimali huria za elimu", na mtu akisikia huria masikio yake yanasikia bure. Sishangai sana, maana mwaka 2016 shule za serikali zilifutiwa ada mpaka kidato cha nne, baadaye mpaka cha sita, na mtaani watu wameizoea "elimu bure", kwahiyo huria na bure na elimu vyote vimeingia kwenye kapu moja. Lakini Kiingereza ndo chenye haki ya kuchanganyikiwa, wao wana neno moja tu, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu aliye huru, ndo maana mwanaprogramu wa Kimarekani Richard Stallman tangu aanzishe programu zake huria miaka ya 1980 kazi yake kubwa imekuwa kuwaelewesha watu kwamba anaongelea uhuru, haongelei bei. Sisi tuna maneno mawili kabisa, safi, halafu tunayachanganya!

Huria limetoka kwenye Kiarabu, hurriya, ni ukoo mmoja na huru na uhuru, na kwenye mzizi wake kuna hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Neno zima linaongelea unaweza kufanya nini, halisemi chochote kuhusu unalipa nini. Na tukiwa hatujakaa kwenye semina tunalijua vizuri tu. Nchi ilipoingia soko huria hakuna aliyeenda Makoroboi akabeba vitenge bila kulipa. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa Mwanza, muulize mwanafunzi yeyote wa pale kama halipi ada, atakwambia analipa, uhuria wake uko kwenye kusoma akiwa nyumbani kwake na kazini kwake kwa mwendo wake.

Bure nalo lina mambo yake, na hapa ndo panaponiuma zaidi. Bure ni kisicholipiwa, sawa, lakini pia ni kisicho na faida: nimepanda daladala mpaka Igoma bure, ofisi imefungwa. Amehangaika bure. Maneno bure. Kwahiyo ukimwambia mhadhiri nimekuletea "kitabu cha bure" anapokea akiwa tayari ameshakidharau, anadhani ni makombo. Kuna neno la zamani ambalo lingetufaa kidogo, wakfu, msahafu wa wakfu pale msikitini ni wa kila anayekuja kusoma na hauuzwi, ila ukiwa wakfu hauugusi maandishi yake, na nyenzo huria zinataka uziguse. Huo mguso ndo kiini chake.

Nitoe mfano wa hapa hapa. Kuna mwalimu wa takwimu alikuja kaunta kwangu akilalamika kwamba wanafunzi hawaelewi sura ya sampuli, mifano yote ya kwenye kitabu ni ya michezo ya Kimarekani ambayo hawajawahi kuiona. Nikamtafutia kitabu cha takwimu cha OpenStax, wachapishaji wa vitabu huria wa kule Marekani, tukafungua kurasa za mwanzo pamoja, kile kimstari kidogo kinasema CC BY, maana yake badilisha utakavyo ilimradi umtaje mwandishi. Akatoa ule mfano akaweka dagaa wa mwaloni Kirumba: una madebe 200 yameshuka kutoka visiwani, unataka kujua ukavu wake, huwezi kumwaga yote chini, unachota madebe mangapi na unayachaguaje ili yale ya chini ya rundo nayo yapate nafasi? Darasa zima limekulia na dagaa, walibishana mpaka kipindi kikaisha, binti mmoja ambaye mama yake anafanya biashara hiyo akasema wauzaji huweka wakavu juu, na hapo hapo mwalimu akawa amepata somo la upendeleo wa sampuli, yaani sampuli isiyowakilisha rundo zima, bila kulitafuta. Chini ya ukurasa akaandika kitabu kimetoka wapi, nani kaandika, leseni gani, na yeye kabadilisha nini. Hiyo ndo OER.

Na wanafunzi wakaenda steshenari kutoa kopi na wakalipa. Kwahiyo walichoshika mkononi kilikuwa huria na hakikuwa bure. Kinyume chake ni ile pdf ya kwenye grupu, kitabu cha kampuni kilichoskaniwa kikapita simu hadi simu, hakikugharimu kitu zaidi ya bando, ni bure kweli, lakini huna ruhusa ya kukinakili, kukibadilisha wala kukigawa, na chuo kikikiweka kwenye tovuti yake kinajitafutia kesi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haimtaki mwandishi asajili wala aweke alama yoyote, akishaandika tu ni yake, mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake. Usipoona maandishi ya hakimiliki kwenye pdf usidhani umepewa.

Neno leseni nalo huwa linawatisha watu, wakilisikia wanafikiria leseni ya biashara au ya uvuvi, kwamba kuna dirisha unaenda kulipia. Hii hailipiwi na wala haiombwi, ni tamko la mwenye mali limekaa pale pale kwenye kazi yake. Ila lisome lote. Ukikuta herufi ND karibu na CC ujue umeruhusiwa kusoma na kugawa kama ilivyo tu, ukibadilisha usiigawe, kwahiyo wengi wetu hatuihesabu kuwa OER kabisa. NC ni marufuku kufanyia biashara. SA ni kwamba utakachotengeneza nacho ukitoe kwa masharti yale yale. Na usikariri kwa jina la mchapishaji, OpenStax hao hao vitabu vyao vingi ni CC BY lakini kile cha kalkulasi kina NC na SA, mimi mwenyewe kila kitabu nakifungua upya.

Yule mhadhiri sikumsahihisha mbele za watu, haikuwa mahali pake, na nia yake ni njema kabisa, anataka kijana aliyetoka Ukerewe na nauli ya kwendea tu naye apate cha kusoma. Nilimfuata wakati wa chai nikamwambia Dokta, kwenye lile grupu lako naamini mna vitu vizuri, tukae siku moja tuvitenganishe, vyenye ruhusa tuviite nyenzo huria na tuviweke maktaba vionekane na vyuo vingine, na visivyo na ruhusa nikutafutie mbadala wake, vingi vipo. Akauliza, kwahiyo vile vingine tuviiteje? Nikamwambia tuviite pdf tu. Amesema Alhamisi atakuja na laptopu.