Rangi inayotaja jinsia ya kifaranga chotara

Kwa kuku, jinsia ya mtoto huamuliwa na mama. Jogoo ana kromosomu Z mbili (kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi). Tetea ana Z moja na W moja. Yai likibeba W atatoka tetea, likibeba Z atatoka jogoo. Umbo la yai halihusiki, hata wauzaji waseme nini kuhusu yai lililochongoka.

Angalia matokeo yake. Tetea ana Z moja tu, na hiyo huwapa wanawe wa kiume peke yao. Mabinti hawaipati kamwe. Z yao yote imetoka kwa baba. Basi jeni ya rangi iliyokaa kwenye Z, ikiwa ni yenye nguvu (nakala moja tu yatosha ionekane) na mama ndiye aliye nayo, baba hana, itaonekana kwa wana wa kiume na kukosekana kwa mabinti. Mtaalamu wa urithi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Reginald Punnett, alipendekeza mbinu hii Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili chakula kisipotee kwa majogoo wasiotakiwa.

Mfano unaoeleweka haraka ni jogoo mwekundu wa Rhode Island Red akipanda tetea wa Plymouth Rock mwenye mistari. Vifaranga wote huanguliwa weusi. Subiri wakauke, mshike mmoja kwenye mwanga wa mchana, umtazame utosini. Akiwa na doa jeupe, alama ya jeni ya mistari ya mama, ni jogoo. Utosi ukiwa mweusi mtupu, ni tetea. Doa lenyewe huweza kuwa dogo sana, vinyweleo vichache tu, kwa hiyo usifanye kazi hii usiku kwa tochi ya simu. Wakikua, majogoo huwa na mistari kama mama yao, na matetea hubaki weusi, mara nyingi wakiwa na wekundu kidogo shingoni.

Geuza wazazi, yaani jogoo awe wa mistari na tetea awe mwekundu, na mbinu inakufa. Baba ana Z mbili zenye jeni ya mistari, anawagawia watoto wote, na wote wanatoka na doa.

Kuku wa mayai wa kahawia wanaouzwa sana kwetu, kama ISA Brown, hutenganishwa kwa njia hiyohiyo ila kwa jeni nyingine, ile inayofifisha wekundu. Mama anayo, baba hana. Vifaranga wa kahawia ni matetea. Wale wa manjano iliyopauka ni majogoo.

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapoliwa pesa. Mtu ananunua chotara hao, anaweka jogoo wao bandani, anaangua mayai, kisha anawauza vifaranga wa kahawia kwa bei ya matetea. Kizazi cha pili hakina ahadi hiyo. Kahawia na manjano hutokea kwa jinsia zote mbili, nusu kwa nusu kwa wastani.

Kwa kuku wa kienyeji ubashiri ni mgumu zaidi, kwa sababu hujui wazazi wamebeba nini ndani. Jogoo mweupe ndiye mbaya kuliko wote: weupe wake huweza kufunika rangi nyingine, pamoja na mistari. Hata hivyo si kila kitu ni bahati nasibu. Kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, aliyerithi jeni yake kwa wazazi wote wawili, akichanganywa na kuku wa kawaida, atazaa vishingo watupu, kwa kawaida wakiwa na kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Kishingo mwenye kishungi hicho amerithi upande mmoja tu, na akipandishwa na wa kawaida tegemea nusu ya vifaranga wawe vishingo. Lakini jeni hiyo haiko kwenye Z, hivyo haikuambii lolote kuhusu jinsia.

Kuna pia kipimo cha bawa, kinachosambazwa kana kwamba ni cha kuku wote. Si kweli. Kinafanya kazi pale tu mama ana jeni ya kuota manyoya polepole na baba anaota haraka. Siku ya kwanza, fungua bawa: safu mbili za manyoya zikipishana urefu waziwazi, ya chini ikiwa ndefu, ni tetea, zikilingana, ni jogoo. Ukichelewa siku chache, tofauti hiyo haisomeki tena.