Farasi wa Ocracoke hawazururi tena ufukweni

Bado watu huambiwa kwamba kisiwani Ocracoke, North Carolina, Marekani, farasi mwitu hukimbia ufukweni. Zamani, ndiyo. Barabara ya lami ilipojengwa mwaka 1957, magari yakaanza kuwagonga. Mwaka 1959 wakazungushiwa uzio. Sasa wanatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, tena hulishwa nyasi kavu.

Ukishuka feri itokayo Hatteras, kisiwa jirani, fuata Barabara ya 12; zizi liko njiani kuelekea kijijini, na lina jukwaa la kutazamia. Beba darubini, kwani eneo lao ni ekari 180 hivi. Tufaha na karoti ziache garini: kipande kikubwa hukwama kooni, na farasi hana uwezo wa kutapika. Mkono usivuke uzio. Wanauma hawa, upole wao usikudanganye.