Mnyororo wa nyumba England: nani anamsubiri nani, na fedha hupita wapi

Aliyezoea kununua kiwanja Kigamboni au Kitengela na kujenga mdogo mdogo hushangaa akifika England. Nyumba ameipenda, bei imekubaliwa, benki imepitisha mkopo, lakini anaambiwa asubiri mtu asiyemjua, katika mji asiowahi kufika, amalize mambo yake. Sababu ni kwamba wauzaji wengi bado wanaishi ndani ya nyumba wanazouza, na fedha za mauzo ndizo za kununulia nyingine. Wanataka kutoka asubuhi na kuingia kwingine siku hiyohiyo. Foleni hiyo ya watu wanaotegemeana ndiyo mnyororo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Asha anaishi nyumba ya kupanga Leicester na ananunua nyumba yake ya kwanza, fleti ya Juma, kwa pauni 210,000. Juma ananunua nyumba ya Mama Neema kwa 320,000. Mama Neema anahamia nyumba ya 450,000 iliyo tupu kwa sababu mwenyewe alifariki. Asha hana cha kuuza, na warithi wa juu hawana cha kununua. Ndiyo maana mnyororo una miisho. Lakini nyumba tupu isikudanganye. Warithi hawawezi kuikabidhi kabla mahakama haijawapa hati ya kusimamia mirathi, na wakichelewa hapo, Asha naye anakwama mwisho wa chini.

Jambo la kulishika kuliko yote ni hili: nchini England na Wales, bei iliyokubaliwa haimfungi mtu. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, wenye masharti yote na saini. Hadi mawakili wabadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kumpokea mwenye dau kubwa zaidi, na mnunuzi anaweza kukata bei asubuhi ya mwisho au kujiondoa. Gharama za ukaguzi wa nyumba na za wakili huwa zimekwenda. Scotland ina utaratibu wake: mawakili huandikiana barua, na zikikubaliana pande zote mbili zimefungwa.

Vinavyokwamisha vinajulikana. Fleti ya Juma ni ya pango la muda mrefu (leasehold), yaani kinachouzwa ni haki ya kuimiliki kwa miaka mingi, si ardhi yenyewe, hivyo wakili wa Asha anahitaji taarifa za kampuni inayosimamia jengo: ada za mwaka, bima, matengenezo yanayokuja. Majibu hayo hulipiwa na huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo Juma ayaagize siku anayotangaza kuuza. Ofa ya mkopo nayo ina tarehe ya kwisha, mara nyingi miezi 3 hadi 6. Mnyororo ukizubaa, mtu mmoja huomba mkopo upya, pengine kwa riba nyingine.

Kwa familia zetu kuna kikwazo kingine: chanzo cha fedha. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinamlazimu wakili kuhakiki. Pauni 6,000 za mchezo wa kupeana fedha kwa zamu zikiingia benki kwa mkupuo, yeye anaona fedha zisizo na asili. Mpe orodha ya wanachama, zamu na michango yako ya kila mwezi. Shangazi wa Mombasa akichangia, aandike barua kwamba ni zawadi, si mkopo, na kwamba hadai sehemu ya nyumba, aambatanishe kitambulisho na taarifa ya benki yake. Kama ni fedha za kiwanja kilichouzwa Arusha, toa mkataba wa mauzo. Yapeleke wiki ya kwanza, kwa sababu yakiulizwa mwishoni, kaya zote zitasubiri karatasi zako.

Kila mtu akiwa tayari, mawakili hubadilishana mikataba kwa simu. Wakili wa Asha anampa wakili wa Juma ruhusa ya kufunga mkataba hadi, tuseme, saa 10 jioni. Wakili wa Juma anatoa ruhusa kama hiyo kwa wakili wa Mama Neema, mpaka juu kabisa. Juu wakishafunga, uthibitisho unashuka hatua kwa hatua. Asiyepatikana kwa simu anarudisha wote kesho yake.

Hapo ndipo amana ya asilimia 10 inapotolewa. Pauni 21,000 za Asha Juma anaweza kuzitumia katika amana yake ya 32,000, akaongeza 11,000. Mama Neema atazipandisha hizo 32,000 na kuongeza 13,000 kufikia 45,000. Kwa kawaida hatari ya nyumba kuharibika nayo humhamia mnunuzi wakati huo, kwa hiyo bima ianze siku ya kubadilishana mikataba, si siku ya funguo.

Siku ya kukamilisha, yaani ya kulipa kilichobaki na kupokea funguo, fedha huanza chini. Wakili wa Asha anatuma 189,000 zilizobaki. Wakili wa Juma anatoa kwanza deni la mkopo wa zamani wa Juma, tuseme 120,000. Zinabaki 69,000, anaunganisha na mkopo mpya wa 219,000 na kupeleka 288,000 kwa Mama Neema, bila kuhesabu ada. Dalali hatoi funguo hadi wakili wa muuzaji athibitishe fedha zimeingia. Saa ya mwisho kwa masharti ya kawaida ni saa 8 mchana. Zikichelewa, huhesabiwa za siku ya kazi inayofuata na fidia ya riba inaweza kudaiwa. Mnunuzi akiendelea kushindwa, muuzaji anaweza kutoa notisi ya siku 10 za kazi, na ikipita bila malipo, amana inaweza kupotea.

Wengi huchagua Ijumaa. Sisi tunashauri Jumanne au Jumatano: fedha zikikwama Ijumaa, familia tatu zinalala na vitanda vyao ndani ya lori hadi Jumatatu. Na barua pepe ikidai kwamba akaunti ya wakili imebadilika, usitume hata senti. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi huvizia siku kama hizo za malipo.

Kabla ya kulipia ukaguzi, muulize dalali mnyororo una nyumba ngapi, nani yuko kila mwisho, nani hajapata mkopo, na kama kuna mirathi ambayo haijatolewa hati. Asha asimpe mwenye nyumba wake notisi, wala asilipie lori, kabla ya mawakili kubadilishana mikataba. Aombe mapema nafasi ya wiki 4 kati ya mikataba na funguo, ili miezi ya kulipa kodi ya pango pamoja na mkopo ipungue.