Hakuna "umri wa kuacha shule": Elimu ya lazima ya miaka kumi inavyohesabiwa

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, izinduliwe jijini Dodoma Februari 1, 2025, swali linaloletwa ofisini kwetu ni lile lile kwa sura tofauti: mtoto anaruhusiwa kuacha shule akiwa na umri gani? Wengi wanaouliza wana nia njema na tunawajibu kwa moyo huo huo. Wapo pia wanaokuja na jibu lao mfukoni, wanachotafuta ni mhuri tu.

Sera haikutaja siku ya kuzaliwa. Imetaja miaka ya kusoma: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Uingereza wao huhesabu kwa umri, na mwaka 1972 walipandisha umri wa kuacha shule kutoka miaka 15 hadi 16. Sisi tunahesabu madarasa. Aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 atamaliza kidato cha nne akikaribia 16, na aliyecheleweshwa akaanza na miaka 8 atakuwa amefika 18 au karibu yake. Kwa hiyo mzazi anayesema "huyu ameshakua" ametuambia habari za urefu wa mtoto, hajatuambia yuko darasa gani.

Kuhusu kuondolewa kwa darasa la saba, maneno yamekuwa mengi mno. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio walioanza na mtaala mpya, na watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao darasa la saba la mwisho litahitimu. Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza pamoja. Mtoto hapotezi mwaka. Wazee wetu wanalikumbuka darasa la nane, nalo liliondoka na shule zikaendelea.

Bungeni na vijiweni mjadala unaendelea, na ni haki ya wananchi. Wapo wanaohoji kama vyumba na walimu vitatosha kwa makundi mawili ya Januari 2028, wapo wanaotaka Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi sekondari, wapo wanaodhani mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ni wa waliofeli. Hoja ya vyumba ni ya kweli na si mimi wa kuijibu hapa. Hiyo ya amali ifike mwisho, maana mkondo huo ni sehemu ya mtaala.

Sasa tuje kwenye miaka 14. Karibu kila wiki kuna mtu anayetusomea Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwamba inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi. Inaruhusu, ila kwa masharti: iwe kazi nyepesi, isiyomdhuru afya na isiyomzuia kuhudhuria shule. Sharti hilo la mwisho ndilo watu huliruka. Mtoto anayeuza karanga stendi saa nne asubuhi siku ya Jumanne hayumo kwenye ruhusa hiyo, hata kama mwajiri wake ni shangazi yake.

Lingine ni siku 90. Mwanafunzi asipohudhuria siku 90 mfululizo bila ruhusa, jina lake linaweza kuondolewa kwenye rejista, na baadhi ya wazazi wamelifanya hilo kuwa mlango wa kutokea. Nilikaa na baba mmoja tukafungua rejista ya mahudhurio ya darasa la binti yake. Mwezi wa pili alama za kuhudhuria zimejaa hadi tarehe 11, kisha mstari mzima wa "hayupo", ukurasa wa mwezi wa tatu vivyo hivyo, wa nne vivyo hivyo. Pembeni mwalimu wa darasa ameandika kwa wino mwekundu tarehe alizopiga simu na tarehe alizofika nyumbani. Yule baba alikuwa amezihesabu siku vizuri kuliko mwalimu. Alichokuwa hajui ni kwamba kuondolewa jina hakumfutii mzazi wajibu. Kunaongeza ushahidi tu.

Utaratibu ni huu. Mwalimu wa darasa humjulisha mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kwa sekondari. Barua ya kwanza huenda kwa mzazi. Asipofika, nakala huenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata na afisa elimu kata, naye mzazi huitwa kwa wito wa maandishi. Wito huo upokelewe kwa sahihi, maana "sikuona barua" ndiyo kauli ya kwanza tunayoisikia. Pale panapohitajika afisa ustawi wa jamii huingia, kwa sababu utoro mwingine una njaa au ugonjwa nyuma yake. Ikishindikana, jalada huenda mahakamani. Chini ya Sheria ya Mtoto, mzazi anayemnyima mtoto haki zake, elimu ikiwemo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Ndoa na mimba zina adhabu zake. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo, awe mjomba, mshenga au mpokea mahari, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote. Mkuu wa shule hutoa taarifa ya matukio haya kila robo mwaka, kwa hiyo msimlaumu mwalimu kwa "kuwachoma".

Kipindi kinachotusumbua zaidi ni kati ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Septemba, na Januari. Hapo ndipo tunaambiwa "ameshamaliza, si mwanafunzi tena", na maturubai ya harusi yanafungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba inaruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, hutajwa kwa kujiamini sana na watu wasiojua kwamba Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, ilishikilia uamuzi kuwa vifungu vyake vya umri wa ndoa vinapingana na Katiba. Kwa hesabu ya miaka kumi, miezi ile ni likizo katikati ya safari.

Kwa aliyekwisha katiza masomo, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu kurejea shuleni, na hii ni pamoja na msichana aliyejifungua. Anza kwa mkuu wa shule alikotoka, siyo kwetu. Beba namba yake ya usajili wa shule kama unayo, na cheti cha kuzaliwa. Kama sare haijapatikana, mlete hivyo hivyo. Binti wa yule baba alirejea Juni akiwa na sketi ya dada yake, na rejista inaonyesha amehudhuria hadi siku ya kufunga shule.