Msongo wa mfupa si msongo wa mawazo

Ufa wa msongo ni ufa mwembamba kwenye mfupa uliobebeshwa mzigo uleule mara nyingi kuliko uwezo wake wa kujikarabati. Si lazima mtu aanguke wala agongwe. Makuruta wa kike huupata zaidi kuliko wanaume wanaopiga kwata pamoja nao.

Tatizo ni neno "msongo". Kuruta wa kike akiambiwa ana ufa huo, watu husema: "Ana mawazo huyo, jeshi limemshinda." Wanachanganya mambo. Kusonga ni kubana, kukandamiza: tunasonga ugali, watu wanasongana mlangoni, barabarani kuna msongamano. Hata neno la Kiingereza tulilolitafsiri, "stress", linatokana na Kilatini chenye maana hiyohiyo ya kubana. Wahandisi walilitumia kwa vyuma na madaraja kabla Hans Selye, mtafiti wa homoni, hajalieneza kwenye tiba katika karne ya 20. Jeraha lenyewe lilikuwa limeshaelezwa mwaka 1855 na Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia (dola ya Kijerumani ya zamani), aliyeona askari wenye nyayo zilizovimba na kuuma baada ya kutembea masafa marefu. Mwaka 1897 eksirei ikaonyesha kuwa ni mifupa iliyovunjika. Kwa hiyo msongo wa mawazo ndio uliokuja baadaye.

Mfupa ukipewa kazi mpya, mwili hubomoa kwanza ndipo ujenge. Kubomoa huchukua wiki 3 hivi, kujenga karibu miezi 3. Katika pengo hilo mchakamchaka hausimami. Mfupa wa muundi wa mwanamke kwa kawaida ni mwembamba zaidi, na akipangwa safu moja na warefu hulazimika kurefusha hatua; hapo mifupa ya mbele ya nyonga huvutwa kila anapokanyaga.

Je, akili haihusiki? Inahusika sana, ila kwa njia zinazoonekana. Anayeogopa kuitwa mvivu au kurudishwa nyumbani huficha maumivu na kuendelea kukimbia, na ufa uliohitaji wiki 6 hadi 8 za mapumziko hugeuka mvunjiko kamili. Shingo ya mfupa wa paja ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Wasiwasi hukata usingizi na hamu ya kula. Ukiondoa nguvu iliyotumika mazoezini, chakula kikibakiza chini ya kilokalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta (yaani 1,350 kwa mwenye kilo 45 za namna hiyo), homoni hushuka, hedhi hukoma na mfupa hudhoofika. Hedhi kukosekana miezi 3 mfululizo si "kawaida ya kambini", ni sababu ya kumwona daktari.

Wiki 2 au 3 za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi kitu, na hapo ndipo shutuma za kujifanya huanza. Gusa muundi kwa ncha ya kidole: maumivu makali mahali pamoja padogo hutia shaka ya ufa, yaliyotandaa sentimita 5 au zaidi huashiria zaidi uvimbe wa utando wa mfupa. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huuona ufa mapema.

Tukitaka kueleweka, tuseme tu "mfupa umelemewa". Kisha tumuulize kuruta anakula nini, analala kwa saa ngapi, na maumivu yalianza lini hasa.