Chembe za Polima Zinazobeba Dawa ya Saratani Hadi Kwenye Uvimbe

Mgonjwa anayetundikiwa doksorubisini huiona dawa nyekundu ikiteremka mrijani, na baadaye huenda akashtuka kukuta mkojo wake nao umekuwa mwekundu. Dawa hiyo hupita mwili mzima: hufika kwenye uvimbe, lakini hufika pia kwenye mizizi ya nywele, kwenye uboho na kwenye moyo, ambao misuli yake huweza kudhoofika kiasi kwamba madaktari huhesabu jumla ya dozi alizopewa mtu na kuiwekea kikomo. Wanaohudhuria mihadhara yetu hapa Nairobi hutuuliza kama haiwezekani dawa ielekezwe kwenye uvimbe peke yake. Inawezekana kwa kiasi, na maneno hayo "kwa kiasi" ndiyo ninayoomba yasomwe kwa makini.

Njia inayotafitiwa ni kuifungia dawa ndani ya chembe ndogo mno za polima, yaani kitu ambacho molekuli zake ni ndefu kama minyororo. Polima inayotumiwa sana katika utafiti huu, PLGA, si ngeni hospitalini. Ni ya jamii moja na nyuzi za kushonea ambazo hazihitaji kutolewa, kwa kuwa mwili huzivunja polepole kuwa asidi ambazo unazimudu. Maabarani, polima na dawa huyeyushwa pamoja katika asetoni, kisha mchanganyiko hudondoshwa kwenye maji yanayokorogwa, nayo maji yaliyokuwa maangavu hugeuka papo hapo yakafanana na maziwa ambayo mchuuzi ameyazidishia maji, yenye ubuluu kidogo yakimulikwa. Hizo ndizo chembe zenyewe. Nyingi zina kipenyo cha kati ya nanomita 50 na 200, ilhali unene wa unywele mmoja hukaribia nanomita 80,000.

Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walieleza kuwa mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na kwamba chembe zikishapenya humo hukawia, kwa sababu uvimbe hauna njia nzuri za limfu (mirija inayoondoa majimaji ya ziada mwilini) za kuziondoa. Ili zisimezwe njiani na seli za ini na wengu, chembe huvikwa polima nyingine iitwayo PEG.

Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti za wanyama uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kiwango cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu ya dozi. Kwa maoni yangu, faida iliyo dhahiri zaidi hadi sasa ni yale ambayo mgonjwa anaepushwa. Paklitakseli, kwa mfano, ambayo ni dawa nyingine ya saratani, haiyeyuki vizuri majini, hivyo kwa kawaida huchanganywa na kiyeyushio kitokanacho na mafuta ya mbarika, ambacho huweza kusababisha mzio mkali hata mgonjwa akalazimika kupewa steroidi kwanza. Genexol-PM, iliyoidhinishwa Korea Kusini mwaka 2007, huibeba dawa hiyo ndani ya chembe za polima bila kiyeyushio hicho. Nywele bado hunyonyoka na vidole bado hufa ganzi, kwa sababu paklitakseli iliyomo ni ileile.